Saa ya kadi ya mtandao inapogoma: kutafuta chanzo kwa kufuata dalili

Mwongozo huu ni wa fundi au mwanafunzi mwenye kompyuta ya Linux, kadi ya mtandao yenye saa yake ndani, na linuxptp (programu za Linux za kulinganisha saa kupitia mtandao) inayomtolea namba zisizoeleweka. Maswali yaliyonifanya niuandike yanatoka kwa vijana wa Njiro na Tengeru hapa Arusha wanaounda vifaa vya kupima ubora wa umeme, na kwa wenzetu wa Moshi waliovifunga vifaa hivyo viwandani.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Wimbi moja linachukua milisekunde 20, na ndani yake mna nyuzi 360, kwa hiyo saa ikikosea kwa maikrosekunde 1 pembe ya wimbi inakosewa kwa nyuzi 0.018. Ukiruhusiwa kosa la jumla la asilimia 1 kwenye ukubwa na pembe ya wimbi, una maikrosekunde 31 hivi za kuchezea, na hapo vipimo vyenyewe viwe safi kabisa. NTP, njia ya kawaida ya kompyuta kupata muda kupitia intaneti, inacheza kwenye milisekunde. PTP, itifaki ya kulinganisha saa kwa usahihi mkubwa, yaani kiwango cha IEEE 1588 kilichotoka mwaka 2002 na kurekebishwa 2008 na 2019, inashuka chini ya maikrosekunde, ilimradi muhuri wa muda wa kila pakiti ugongwe na kadi yenyewe.

Kati ya Arusha na Moshi ni kilomita 80 hivi kwa barabara. Mwanga ndani ya faiba huchukua karibu maikrosekunde 5 kwa kila kilomita, kwa hiyo hata faiba iliyonyooka kufuata barabara ingetumia maikrosekunde 400 kwenda upande mmoja, kabla hujahesabu rauta za njiani. Ndiyo maana hatupitishi PTP kwenye njia hiyo. Kila kituo kina kipokezi chake cha GPS juu ya paa, na PTP inagawa muda ndani ya jengo tu, mita mia au mia mbili. Matatizo yote ninayoyaeleza hapa yanatokea ndani ya mita hizo.

Muhuri unagongwa wapi

Barua ikifika ofisi ya serikali inaweza kugongwa muhuri wa kupokelewa pale pale masjala, au ikazunguka kwanza kwenye meza mbili tatu ndipo igongwe. Barua ni moja, muda uliosomeka ni tofauti. Pakiti ya PTP inaweza kugongwa muhuri na programu inapoisoma, na keneli (kiini cha Linux) inapoipokea kutoka kwa draiva (programu inayoiendesha kadi), au na kadi: ama kwenye MAC, sehemu inayopanga fremu, ama kwenye PHY, pale ambapo biti zinageuka kuwa umeme wa kwenye waya. Kadiri muhuri unavyosogea karibu na waya ndivyo foleni zinavyopungua kati ya tukio na muda ulioandikwa.

Saa kuu, yaani mashine inayowapa wengine muda, inatuma pakiti ya Sync saa t1, wewe unaipokea t2. Unatuma Delay_Req saa t3, saa kuu inaipokea t4. Tofauti ya saa yako na saa kuu ni ((t2 − t1) − (t4 − t3)) ÷ 2, na ucheleweshaji wa njia ni ((t2 − t1) + (t4 − t3)) ÷ 2. Hesabu ni hiyo tu. Mihuri minne ikiwa ya kweli na njia ya kwenda ikilingana na ya kurudi, jibu ni sahihi.

Mashine moja inaweza kuwa na saa tatu: saa ya mfumo (ile unayoiona ukiandika `date`), saa ya kadi (inayoonekana kama `/dev/ptp0`), na wakati mwingine saa nyingine ndani ya PHY. Hazijuani hadi uziunganishe. Ninachokisisitiza kwa kila anayeniuliza ni kwamba asiguse mpangilio wowote kabla hajaweza kusema saa ipi imegonga muhuri anaoutazama. Karibu kila dalili iliyo hapa chini inaishia kwenye swali hilo.

Dalili: ptp4l inakataa kuanza

ptp4l ndiyo programu ya linuxptp inayoongea PTP na kuirekebisha saa ya kadi. Ujumbe wake unasema kiolesura hakina aina ya muhuri uliyoiomba. Anza hapa:

```
ethtool -T eth0
```

Unatafuta vitu vinne: `hardware-transmit`, `hardware-receive`, `hardware-raw-clock`, na mstari wa `PTP Hardware Clock` wenye namba. Ukisoma `none` kwenye mstari huo, kadi haina saa au keneli haijaiona.

Sababu ya kawaida ni kadi yenyewe. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mitumba zina kadi ya Realtek iliyojengwa ndani, na kwa keneli tunazotumia hapa draiva yake ya `r8169` inatoa mihuri ya programu tu. Adapta nyingi za bei nafuu za USB ziko hivyo hivyo. Raspberry Pi 4 ya kawaida haina, ila Compute Module 4 inayo, kwenye PHY yake. Intel I210 ndiyo kadi ninayoipendekeza kwa anayeanza: draiva yake `igb` imekaa kwenye keneli miaka mingi, na ina pini za kuingiza au kutoa mpigo wa kila sekunde. Usinunue kadi kwa kuangalia sanduku. Muombe muuzaji uichomeke kwenye mashine yake, uwashe Linux ya kwenye flashi, uandike `ethtool -T`. Wauzaji wengi hawana shida na hilo ukieleza unachotafuta.

Ukiwa na hakika kadi inayo saa lakini `none` inabaki, angalia keneli. Aliyejenga keneli yake mwenyewe ahakikishe `CONFIG_PTP_1588_CLOCK` ipo, na kwa saa za kwenye PHY pia `CONFIG_NETWORK_PHY_TIMESTAMPING`. Hiyo ya pili inasahaulika sana, kwa sababu bila yake kila kitu kingine kwenye mtandao kinafanya kazi vizuri.

Kuna mtego mmoja kwa wanaotumia mashine pepe. `/dev/ptp0` ipo, wanafurahi, kumbe ni saa ya `ptp_kvm`, njia ya mgeni kusoma muda wa mashine mwenyeji. Haina uhusiano wowote na pakiti. Jina la kweli la saa linasomeka hivi:

```
cat /sys/class/ptp/ptp*/clock_name
```

Dalili: mihuri ya kutuma inachelewa au haiji kabisa

Hapa ndipo watu wanapoteza usingizi. Logi inaandika:

```
timed out while polling for tx timestamp
```

kisha mstari unaofuata unakushauri uongeze `tx_timestamp_timeout`, na kukuonya kwamba kuna uwezekano mkubwa tatizo ni draiva. Vyote viwili ni vya kweli, na kazi yako ni kujua kipi kinakuhusu.

Ujue kwanza mwendo wa muhuri wa kutuma. Programu inafungua soketi na kuwasha `SO_TIMESTAMPING`. Inaituma pakiti ikiwa na alama ya kuomba muhuri. Draiva inaiona alama hiyo, `SKBTX_HW_TSTAMP`, inaiambia kadi "hii igonge", inaweka `SKBTX_IN_PROGRESS` ili keneli isitoe muhuri wa programu badala yake, kisha inasubiri. Kadi ikishatuma inaandika muda kwenye rejista au kwenye foleni ya majibu. Draiva inausoma, inaurudisha kwa `skb_tstamp_tx`, na programu inaupata kwenye foleni ya makosa ya soketi. Muhuri unaweza kupotea kwenye hatua yoyote kati ya hizo.

Jaribio la kwanza ni rahisi. Muda wa kusubiri kwenye matoleo ya zamani ya linuxptp ulikuwa milisekunde 1, kwenye mapya ni 10. Weka 50 kwenye faili la mpangilio:

```
[global]
tx_timestamp_timeout 50
```

Ikipona, kadi yako ni ya polepole tu, na hakuna madhara: muhuri ukichelewa kufika hauwi na kosa, kwa sababu muda ulishaandikwa kwenye kadi. PHY zinazosomwa kupitia MDIO, basi la ndani linalounganisha MAC na PHY, zina tabia hii, maana basi hilo ni la polepole na keneli inalitumia pia kuuliza hali ya kiungo.

Isipopona hata kwa 50, soma hesabu za draiva:

```
ethtool -S eth0 | grep hwtstamp
```

Kwenye `igb` utaona `tx_hwtstamp_timeouts` na `tx_hwtstamp_skipped`. Mbili hizi zina maana tofauti kabisa. Ya kwanza ikipanda, draiva iliomba muhuri na kadi haikujibu. Ya pili ikipanda, draiva haikuomba hata kidogo, kwa sababu ilikuwa bado inasubiri muhuri wa pakiti iliyotangulia. Draiva hii inahudumia muhuri mmoja wa kutuma kwa wakati mmoja. Ukiwa na programu mbili zinazoomba mihuri kwenye kadi ile ile, kwa mfano ptp4l na chrony (programu ya NTP) iliyowekewa `hwtimestamp *`, zitanyang'anyana. Zima mojawapo. Fundi mmoja wa Moshi alikuwa tayari ameshaagiza kadi nyingine, tatizo lote likiwa mstari huo mmoja kwenye `chrony.conf` uliobaki kutoka kwa aliyemtangulia.

Kwa anayeandika au kurekebisha draiva, kosa ninaloliona mara nyingi ni alama ya "nasubiri muhuri" inayowekwa na haifutwi. Kebo ikichomolewa katikati, pakiti haiendi, muhuri hauji, alama inabaki, na tangu hapo kila ombi linarukwa hadi mashine izimwe. Lazima kuwe na kikomo cha kusubiri. `igb` inajipa sekunde 15, kisha inaitupa pakiti hiyo na kufungua njia. Weka cha kwako, na kwenye kazi ya kuzima kiolesura ufute pia pakiti iliyoshikiliwa, la sivyo unavujisha kumbukumbu.

Dalili: mihuri inatoweka umeme ukirudi

Nimeitenga kwa sababu kwetu ni ya kila siku. Umeme unakatika, kompyuta inabaki hai kwa UPS, lakini swichi iko kwenye soketi ya ukutani na inazimika. Umeme ukirudi, kiungo kinapanda tena, mtandao unafanya kazi, PTP inanyamaza au inalalamika haipati mihuri.

Kinachotokea ni kwamba draiva, kiungo kikianguka na kurudi, wakati mwingine inaianzisha kadi upya. Kadi inasahau kwamba iliambiwa igonge mihuri. Mpangilio huo uliwekwa mara moja tu, kwa ombi la `SIOCSHWTSTAMP` wakati programu inaanza, na draiva yenyewe ndiyo inayopaswa kuutunza na kuurudisha kila baada ya kuanza upya. Isipofanya hivyo, keneli inaamini mihuri imewashwa huku kadi imelala.

Uthibitisho unauona kwa kuichomoa kebo kwa mkono, kuirudisha, na kutazama kama dalili inajirudia. Ukiipata, iwashe mihuri upya:

```
hwstamp_ctl -i eth0 -t 1 -r 1
```

kisha uianzishe tena ptp4l. Ikipona, draiva haitunzi mpangilio. Suluhisho la kudumu ni kuirekebisha draiva au kupandisha toleo la keneli. La muda ni kuweka swichi kwenye UPS ile ile ya kompyuta, jambo ambalo ningelishauri hata draiva ikiwa nzima.

Angalia pia saa yenyewe baada ya kuanza upya. Kuna draiva zinazoirudisha saa ya kadi kwenye muda wa mfumo, na nyingine zinaiacha ianze sifuri, yaani Januari 1970. ptp4l ikikuta tofauti ya miaka itailazimisha iruke tu kama `step_threshold` au `first_step_threshold` inaruhusu. Kama haziruhusu, itajaribu kuisukuma polepole, na hutaishi kuona ikifika.

Dalili: Sync inafika bila muhuri

Hii ni ya upande wa kupokea, na chanzo karibu siku zote ni kichujio. Unapoomba mihuri, unaiambia draiva pakiti zipi zigongwe: zote, au za PTP juu ya UDP, au za PTP moja kwa moja juu ya Etherneti. Draiva ina ruhusa ya kukupa zaidi ya ulichoomba. `Igb` kwa I210, ukiomba mihuri ya PTP, inakujibu kwamba itagonga pakiti zote. Haina ruhusa ya kukupa pungufu. Isipoweza, inapaswa kukataa kwa `-ERANGE`. Draiva inayojibu sawa huku ikigonga pungufu imevunja ahadi yake, na programu haina namna ya kujua isipokuwa pale Sync inapofika bila muhuri.

Jaribu kubadili usafirishaji. Kama unatumia UDP, anzisha ptp4l kwa `-2`, yaani PTP moja kwa moja juu ya Etherneti, pande zote, saa kuu na wafuasi (mashine zinazoifuata). Ikipona, kadi inazitambua pakiti za Etherneti tupu lakini haizioni zilizofungwa ndani ya UDP, au zilizovaa lebo ya VLAN (mtandao uliogawanywa ndani ya swichi). Kwenye kituo kidogo hakuna hasara yoyote kubaki na `-2`.

Dalili: kila kifaa kinajitangaza kuwa saa kuu

Hawasikiani. Pitia haraka: fayawoli ifungue UDP 319 na 320, namba ya domeni (kundi la saa za PTP) iwe moja pande zote, wote watumie usafirishaji mmoja na njia moja ya kupima ucheleweshaji, E2E (kutoka mwisho hadi mwisho) au P2P (kati ya majirani). Swichi yenye kuchuja multikasti inaweza kuzizuia pakiti za 224.0.1.129. `tcpdump` itakuonyesha kama zinafika:

```
tcpdump -ni eth0 'ether proto 0x88f7 or udp port 319 or udp port 320'
```

Dalili: saa imekosea kwa sekunde 37 kamili

Usiguse draiva. PTP inatembea kwa muda wa TAI, muda wa kimataifa wa saa za atomiki, ambao hauna sekunde za nyongeza, na tangu tarehe 1 Januari 2017 uko mbele ya UTC kwa sekunde 37. Saa ya kadi iko sahihi. Anayepaswa kuondoa hizo 37 ni phc2sys, programu nyingine ya linuxptp, anapoupeleka muda wa kadi kwenye saa ya mfumo. Mpe `-a -r`, au `-s eth0 -w`, naye atauliza ptp4l tofauti ni ngapi. Ukimpa namba kwa mkono ni `-O -37`. Ikiwa tofauti inabaki hata hivyo, saa kuu haitangazi kwamba inaijua tofauti ya UTC, na marekebisho ni huko.

Kosa la saa 3 kamili ni la majira ya eneo, si la PTP. Na la saa 6 si la mashine kabisa: mlinzi wa mtambo anaandika kwenye daftari kwamba umeme ulitikisika "saa nne asubuhi", na wewe unatafuta kwenye logi saa 04:00. Tafuta 10:00, au 07:00 kama logi iko kwa UTC. Nimeona ripoti nzima ikijengwa juu ya tukio la saa isiyo yenyewe, kwa hiyo mfundishe anayeandika daftari aongeze muda wa mashine pembeni.

Dalili: tofauti inarukaruka

Kiungo cha moja kwa moja kati ya kadi mbili nzuri kinapaswa kukupa tofauti ya makumi ya nanosekunde. Ukiona makumi ya maikrosekunde, fanya majaribio mawili kwa kutenganisha.

Kwanza, ichoshe CPU ya mfuasi bila kugusa mtandao, kwa mfano kwa kujenga keneli. Tofauti ikivurugika, mihuri yako si ya kadi. Muhuri wa kadi haujali CPU ina kazi gani. Rudi kwenye mpangilio uone kama mtu ameweka `time_stamping software`, au draiva haiweki `SKBTX_IN_PROGRESS` na hivyo muhuri wa programu unapenya.

Pili, iache CPU ipumzike na ujaze mtandao kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao. Tofauti ikivurugika sasa, tatizo ni foleni ndani ya swichi. Fremu kamili ya Etherneti, pamoja na utangulizi na nafasi, ni baiti 1538. Kwenye gigabiti 1 inachukua maikrosekunde 12.3 kupita, kwenye megabiti 100 inachukua 123. Pakiti yako ya Sync ikikuta fremu moja tu mbele yake, muda huo umeshaingia kwenye hesabu, na kwa upande mmoja wa safari. Swichi inayoielewa PTP inaupima muda huo na kuuandika kwenye pakiti, au inakuwa saa yenyewe. Swichi ya kawaida haifanyi lolote kati ya hayo. Kama bajeti haitoshi kwa swichi ya PTP, na mara nyingi haitoshi, tenga swichi ndogo kwa ajili ya muda peke yake na upeleke data kwa kadi nyingine. Ni suluhisho la bei ndogo na linafanya kazi vizuri kuliko wengi wanavyotarajia.

Mruko wa kila mara hata mtandao ukiwa kimya mara nyingi unatoka kwenye uokoaji wa umeme wa Etherneti: kiungo kinalala kati ya pakiti na kuamka kwa kuchelewa. Uzime:

```
ethtool --set-eee eth0 eee off
```

Ufanye hivyo pande zote mbili za kebo.

Ukiona mruko mkubwa unaojirudia kwa kipimo kile kile, pima kipimo hicho. Sekunde 4.29 ni nanosekunde 2 kwa kipeo cha 32: kaunta ya biti 32 imezunguka na draiva haikuihesabu. Sekunde 1099.5, dakika 18 na kitu, ni biti 40. Draiva zenye kaunta fupi zinatakiwa kuisoma kabla haijazunguka, kwa kazi ya nyuma inayojirudia. Kazi hiyo ikikosekana au ikichelewa, muda unarudi nyuma kwa kiasi hicho hicho.

Dalili: freq inakimbia hadi mwisho

Namba ya `freq` kwenye logi ni kiasi ambacho kasi ya saa inasukumwa mbele au nyuma. Programu inazidi kuisukuma saa na saa inazidi kutoroka, au inayumba huku na huku bila kutulia. Zima ptp4l na phc2sys, kisha uijaribu saa peke yake:

```
phc_ctl eth0 set 0.0 freq 10000000 wait 10.0 get
```

Umeiambia saa ikimbie kwa asilimia 1 zaidi. Baada ya sekunde 10 inapaswa kusoma karibu 10.1. Ikisoma 9.9, draiva imegeuza alama ya kuongeza na kupunguza. Ikisoma 10.0, haijafanya lolote. Ikikimbia mno, kosa ni la kipimo: kazi ya `adjfine` inapokea sehemu kwa milioni zenye biti 16 za desimali, ambapo 1 ni 65536. Anayeichukua namba hiyo kama sehemu kwa bilioni anaisukuma saa mara 65 zaidi ya ilivyoombwa. Ukimaliza, rudisha `freq 0`.

Jaribio likipita vizuri lakini freq inapanda na kushuka kufuata jua, hiyo ni kristali. Boksi lililo chini ya mabati Moshi mchana wa Februari si lile la Arusha alfajiri ya Julai. Badiliko la sehemu 1 kwa milioni ni maikrosekunde 1 kila sekunde, na programu inalifuata bila shida mradi libadilike taratibu. Feni inayowaka na kuzima, au upepo wa mlango unaofunguliwa, ni mbaya kuliko joto lenyewe. Funika boksi lisipigwe na upepo, na uongeze kasi ya Sync: `logSyncInterval -3` kwenye saa kuu inatoa pakiti 8 kwa sekunde.

Dalili: namba ni nzuri, muda si sahihi

Hii ndiyo ninayoihofia, kwa kuwa logi haikuambii. ptp4l inaonyesha nanosekunde chache, iko `s2` (yaani imeshaishika saa kuu), kila mtu ameridhika, na saa imekosea kwa maikrosekunde nzima. Rudi kwenye hesabu ya mwanzo: inagawa kwa mbili kwa kudhani kwenda na kurudi ni sawa. Njia zikitofautiana, nusu ya tofauti inakuwa kosa lako, na PTP haina jicho la kuliona.

Tofauti hiyo inatoka kwenye faiba mbili zisizo na urefu mmoja, ambapo kila mita 200 za ziada zinazaa nanosekunde 1000 za tofauti na 500 za kosa. Inatoka kwenye vigeuza faiba vya bei ndogo. Inatoka kwenye swichi yenye upande mmoja wa gigabiti 1 na mwingine wa megabiti 100. Kebo yenye jozi mbovu inashusha kiungo hadi 100 bila kumwambia mtu, kwa hiyo soma kasi kwa `ethtool eth0` kabla ya yote. Inatoka pia kwenye ucheleweshaji wa ndani wa PHY, ambao si sawa kwa kutuma na kupokea.

Namna ya kuijua ni moja: toa mpigo wa kila sekunde kutoka kwenye pini ya kadi, weka kwenye osiloskopu pamoja na mpigo wa kipokezi cha GPS, upime umbali kati yao. Ukiupata na hautikisiki, ufidie kwa `delayAsymmetry`, ambayo ni chanya pale njia ya kutoka kwa saa kuu kuja kwa mfuasi inapochukua muda mrefu zaidi. Kosa la PHY linafidiwa kwa `ingressLatency` na `egressLatency`. Pima tena kila ukibadilisha kebo, swichi au kasi ya kiungo, kwa sababu fidia ya gigabiti 1 haifai kwa megabiti 100.

Na kama kadi iko sahihi kwa osiloskopu lakini `date` si sahihi, basi phc2sys haifanyi kazi au ina mshindani. Zima `systemd-timesyncd`, huduma nyingine ya NTP inayogusa saa ya mfumo, na kama chrony ipo usiiache iguse saa ya mfumo pamoja na phc2sys. Ujumbe wa `clockcheck` unaosema saa imeruka mara nyingi ni ushahidi wa mikono miwili kwenye saa moja.

Ukikwama na unataka kumuuliza mtu, mpelekee majibu ya `ethtool -T`, `ethtool -i`, `ethtool -S` ya kadi zote mbili, toleo la keneli na la linuxptp, faili zima la mpangilio, na dakika kumi za logi ya ptp4l kwa `-m -l 7`, zikianza kabla ya dalili kutokea.